Marejeo ni sanadi, si mapambo

Mwaka juzi niliandika makala nikayapeleka kwa jarida moja la wataalamu lililoko ng'ambo. Makala yalihusu hesabu ya miongo, yaani ile hesabu ya siku kumi kumi ambayo wazee wetu wa pwani waliihesabu tangu Siku ya Mwaka, au Nairuzi, ili wajue kusi itashika lini, kaskazi itaanza lini, na chombo kiondoke lini. Hoja yangu kuu ilikuwa kwamba hesabu hii ni elimu ya manahodha, na kwamba wakulima waliipokea kutoka kwao. Kazi hiyo ilinichukua miaka minne. Siku niliyoipeleka nilijiona kama hamali aliyetua gunia.

Baada ya miezi mitano mswada ukarudi. Mhariri hakugusa hata neno moja la hoja zangu. Barua yake ilikuwa na mambo kumi na saba, na yote kumi na saba yalikuwa juu ya marejeo. Mahali fulani nilitia mkato palipotakiwa nukta. Majina ya vitabu hayakuandikwa kwa herufi za mlazo. Mwaka nimeuweka mwishoni, ilhali jarida lao huuweka baada ya jina la mwandishi. Vitabu vitatu vilitajwa ndani ya makala na havimo katika orodha; viwili vimo katika orodha na havikutajwa popote. Makala mawili ya majarida hayakuonyeshwa kurasa. Waandishi kadhaa hawakuanza na "jina la ukoo". Na mwisho kabisa, mzee aliyenipa hesabu yote ile aondolewe katika orodha, kwa kuwa msomaji hawezi kuyarejea maneno ya mdomo. Atajwe ndani ya mabano tu, kwamba ni "mawasiliano ya binafsi".

Nilikasirika, ndugu msomaji, sikufichi. Nilisema watu hawa wameitupa nazi wakakamata kumbi. Mswada nikautia ndani ya mkoba, na mkoba nikaupandisha juu ya kabati.

Leo nataka kueleza niliyojifunza tangu siku nilipouteremsha mkoba ule. Nawaambia hasa vijana wetu wa pwani, waume kwa wake, ambao sasa wako katika vyuo vikuu na wengine wameanza kuandikia majarida. Katika yale mambo kumi na saba, mhariri alikuwa na haki katika kumi na tano. Katika mawili hakuwa na haki, na nitaeleza kwa nini. Lakini kosa kubwa kupita yote hakuliona yeye, wala mimi sikuliona. Nalo lilikuwa langu.

Sanadi tuliijua zamani

Wengi wetu tumepita chuoni kabla ya kupita shule. Tulipofikia kusoma Hadithi tuliambiwa kwamba kila hadithi ina vitu viwili. Kuna maneno yenyewe, ambayo ni matni, na kuna mlolongo wa watu waliopokezana maneno hayo, ambao ni isnadi, au sanadi. Fulani kapokea kwa fulani, naye kapokea kwa fulani. Matni ikiwa nzuri namna gani, kama sanadi yake ina ila, hadithi hiyo hutiwa walakini.

Wanavyuoni hawakufanya hivyo kwa kupenda makuu. Waliuliza maswali ya mtu anayelinda amana: Mpokezi huyu ni nani? Kumbukumbu yake ilikuwaje? Je, alimwona huyo anayesema kapokea kwake? Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 256 Hijria (870), hakutosheka kuwa wapokezi wawili waliishi zama moja. Alitaka ithibitike kwamba walikutana. Tukiwa watoto tuliyahifadhi majina hayo kwa kuyaimba, wala hatukuuliza kwa nini ni marefu.

Basi rejeo ni nini, kama si sanadi? Jina la mwandishi linakwambia nani kasema. Mwaka unakwambia alisema lini, ukajua kama aliandika kabla au baada ya mwenzake. Jina la kitabu, mchapishaji, na kwa makala jina la jarida, juzuu, toleo na kurasa, vyote hivyo ni njia ya kumfikisha msomaji kwenye mlango wenyewe. Ukitaja kitabu bila ukurasa ni kama umemwambia mgeni kwamba nyumba yako iko Mji wa Kale, kisha ukamwacha azunguke vichochoro mpaka magharibi imkute.

Ndiyo maana nasema mhariri alikuwa na haki. Vile vitabu vitatu nilivyovitaja bila kuvitia katika orodha ni sanadi iliyokatika. Vile viwili nilivyovitia bila kuvitumia ni wapokezi wa kujipamba, nimewaweka ili nionekane nimesoma sana. Na kurasa nilizoziacha ni uvivu tu. Nilikuwa nimerudisha kitabu maktabani, nikaona taabu kurudi.

Swali ambalo vijana huniuliza ni hili: mbona mitindo ni mingi? Huyu ataka mwaka mbele, yule ataka mwisho. Huyu ataka tanbihi chini ya ukurasa, yule ataka mabano. Ni kweli, ni mingi, na kila mmoja una asili yake. Ule wa jina na mwaka, ambao wengi huuita mtindo wa Harvard, hunasibishwa na mtaalamu wa elimu ya wanyama wa chuo hicho, Edward Laurens Mark, kwa makala aliyoyatoa mwaka 1881. Wachapaji wa Chuo Kikuu cha Chicago walitoa kitabu chao cha kanuni mwaka 1906. Wanasaikolojia wa Marekani walianza na kanuni chache mwaka 1929, na leo kitabu chao kijulikanacho kwa herufi APA kimefika toleo la saba, la mwaka 2019. Watu wa lugha na fasihi wana wao, wa MLA.

Hakuna mmoja ulio haki na wengine batili. Ukiingia msikitini ukasali nyuma ya imamu, unamfuata imamu. Jarida ulipelekealo kazi yako ndilo imamu wako kwa kazi hiyo. Kabla hujaandika, soma maagizo yake kwa waandishi. Kisha chukua makala moja ya toleo lake la karibuni, uitazame orodha yake ya marejeo nukta kwa nukta, uige. Na kabla ya kupeleka, keti na mwenzako: wewe usome majina yaliyo ndani ya makala, yeye atie alama katika orodha. Kazi hiyo ni ya saa moja baina ya alasiri na magharibi. Mimi sikuifanya, nikapoteza miezi mitano.

Kumficha uliyepokea kwake

Liko kosa jingine ambalo mhariri hawezi kuliona, kwa sababu linafuata kanuni zote za nukta na mkato. Mwanafunzi anasoma kitabu kimoja cha juzi, ndani yake mnasemwa kwamba William Hichens alitoa Diwani ya Muyaka mwaka 1940, na ukurasa fulani una jambo fulani. Mwanafunzi anaandika: Hichens, 1940, ukurasa fulani. Diwani yenyewe hajaitia machoni. Pengine hata hajui kwamba ilichapwa Johannesburg.

Wanavyuoni wa Hadithi walilijua kosa hili kwa jina lake. Mpokezi anayemficha aliyemsikia, akajifanya kapokea juu zaidi, huitwa mudalisi, na kitendo chake ni tadlisi. Madhara yake ni wazi. Yule wa katikati akiwa amekosea ukurasa, au amepotosha neno, kosa litasafiri likiwa limevaa kanzu ya Hichens, na hakuna atakayejua lilitokea wapi. Dawa yake ni nyepesi, na kila mtindo unaikubali: taja kwamba maneno hayo ni ya fulani kama alivyonukuliwa na fulani, kisha katika orodha utie kile kitabu ulichokisoma kwa macho yako. Hakuna aibu. Aibu ni kudai umekutana na mtu usiyekutana naye.

Siku hizi limezuka kubwa kuliko hilo. Programu za kompyuta za kupanga marejeo, kama Zotero iliyotoka mwaka 2006, ni msaada mkubwa na nawashauri vijana wazitumie. Lakini hizo hupanga tu kile ulichokiingiza. Programu za akili bandia ni jambo jingine. Ukiziomba marejeo huweza kukupa kitabu ambacho hakijaandikwa, na mwandishi, na mwaka, na kurasa, vyote vimekaa sawasawa. Mwezi wa Juni mwaka 2023, jaji mmoja wa New York aliwatoza mawakili wawili na kampuni yao faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani hoja zilizotaja kesi za kuzuliwa na programu hiyo. Nukta zake na mikato yake zilifanana na za kesi za kweli. Hadithi ya kuzuliwa nayo huja na sanadi nzuri. Mzushi ndicho kitu cha kwanza anachokitengeneza.

Jina la ukoo ni lipi?

Sasa nije kwa yale mawili ambayo mhariri hakuwa na haki nayo. La kwanza ni majina.

Kanuni za majarida zimetungwa na watu ambao majina yao yana mkia mmoja wa ukoo. Bwana akiitwa Mark, babake naye aliitwa Mark, na wanawe wataitwa hivyo. Sisi mtu huitwa kwa jina lake, kisha la babake, kisha la babuye, na pengine mwisho hutiwa kabila au mji. Ukimchukua mtu wetu ukamgeuza, jina la mwisho likaja mbele, huenda umemtaja mtu mwingine kabisa.

Tazama mfano. Utendi wa Mwana Kupona tunaujua wote. Mtungaji ni Mwana Kupona binti Mshamu. Ukiufuata mtindo wa mhariri wangu bila kufikiri, utaandika "Mshamu, M. K. B." Herufi ya mwisho ni ya neno binti. Hapo Mwana Kupona amepotea, na babake, ambaye hakutunga utendi ule, ndiye aliyepewa. Muyaka bin Haji naye anakuwa "Haji, M." Atakayemtafuta Muyaka chini ya herufi M atadhani mwandishi wa makala hakumjua.

Hata walio karibu nasi yamewafika. Mshairi mmoja wa Mombasa alichapishiwa mashairi yake na Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1966 kwa jina la Ahmad Nassir bin Juma Bhalo. Mwaka 1971 ikatoka Malenga wa Mvita, naye humo ni Ahmad Nassir, na ni Ustadh Bhalo. Nimekuta orodha zilizomweka chini ya Bhalo, na nyingine chini ya Nassir. Mgeni asiyetujua atahesabu washairi wawili. Au mtazame Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, aliyefariki mwaka 1947, na mwanawe, Profesa Ali Mazrui, aliyefariki mwaka 2014. Kompyuta isiyofunzwa humtia baba katika herufi A kwa ajili ya "al-", na mwana ikamtia katika M. Hapa kanuni za Chicago zatutetea: zasema "al-" isihesabiwe katika mpango wa herufi, baba na mwana wakutane.

Wala tusidhani kwamba kugeuza jina ni jambo lisilobadilika. Watu wa Iceland nao huitwa kwa majina ya baba zao, na kwao hata kitabu cha simu kilipangwa kwa jina la mtu mwenyewe. Basi kwa nini tusiombe sisi? Mimi niliandika juu ya orodha yangu sentensi mbili tu: kwamba waandishi wasio na jina la ukoo wamepangwa kwa majina yao wenyewe, na kwamba majina yao yameandikwa kamili bila kukatwa. Mhariri alikubali. Hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Na ninyi vijana, jina lenu lichagueni siku ya makala ya kwanza, kisha msiliache. Binti aitwaye Fatma Ali shuleni, na Fatma Ali Omar katika kitambulisho, atakuwa "Ali, F." mwaka huu na "Omar, F. A." mwaka ujao, na kazi zake zitagawanywa kama mirathi baina ya watu wawili. Iko namba ya watafiti iitwayo ORCID, iliyoanza mwaka 2012, ambayo mtafiti huipata bure. Ichukueni. Namba haina baba wala babu, lakini angalau haipotei.

Katika mlango huu wa majina kuna mambo mawili madogo ambayo mwenye kuandika juu ya tungo zetu za kale asiyasahau. Moja ni mwaka. Mwana Kupona alitunga utendi wake mwaka 1275 Hijria. Mwaka huo ulianza Agosti 1858 ukaisha mwishoni mwa Julai 1859. Vitabu vingi huandika 1858 na kwisha. Kama mwezi haujulikani, andika yote, Hijria na Miladia, na Miladia iwe miaka miwili. Usiufanye mwaka wetu uwe mfupi kuliko ulivyo.

Jingine ni mwenye kalamu. Hati nyingi za tungo zetu zilizoko London na Ujerumani hazikujiandika. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, aliziandika kwa mkono wake hati walizozitumia Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Mashairi ya Muyaka yalikusanywa Mombasa kwa jitihada za Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyeyapitisha kwa padri W. E. Taylor. Ukitaja hati, taja maktaba ilimo na namba yake, kisha mtaje na aliyeinakili. Wazungu wale wametajwa katika kila orodha. Kijumwa na Sikujua hutajwa katika shukrani, na shukrani hakuna azisomaye.

Mzee na mabano

La pili ambalo mhariri hakuwa na haki nalo ni la mzee.

Mzee wangu huyo ni nahodha aliyeacha bahari siku nyingi. Amepindukia miaka themanini, na anakaa Kisauni. Jina lake silitaji hapa, kwa sababu nilimwahidi kwamba litachapwa kwanza pale linapostahiki, katika orodha yenyewe. Siku ya kwanza nilipomwendea alikuwa barazani. Alikitazama kitabu changu cha kuandikia, akaniuliza:

"Mwalimu, haya nitakayokwambia wataka kuyatia kitabuni?"

"Ndiyo, ami, nataka kuyatia."

"Na jina langu utalitia?"

"Nitalitia, inshallah."

"Basi na alonifunza mimi umtie. Mimi sikuzaliwa nayo haya."

Nikamwambia inshallah mara ya pili, nikafungua ukurasa, tukaanza.

Sasa mhariri anasema mzee huyu akae ndani ya mabano. Lazima niseme kwamba kanuni hiyo haikutungwa kwa dharau. Kitabu cha APA kinaamuru hivyo kwa simu, barua na mazungumzo, kwa kuwa orodha ni ya vile ambavyo msomaji anaweza kuvifuata akavikuta. Maneno yaliyosemwa barazani Kisauni msomaji wa ng'ambo atayakuta wapi? Hoja hiyo ina nguvu, na mtu asiijibu kwa hasira.

Lakini ina jawabu. Mwaka 2021, mkutubi mmoja wa Kanada, Lorisia MacLeod, ambaye ni wa taifa la Wakrii, alichapisha vielelezo vya namna ya kuwatia wazee wenye elimu ndani ya orodha ya marejeo: jina la mzee, taifa lake, anakoishi, jambo alilolisema, na tarehe. Vyuo kadhaa vimevifuata. Hoja yake ni kwamba ukimweka mzee daraja moja na baruapepe, umeishusha elimu yake chini ya kijitabu chochote kilichochapwa. Nasi twaweza kufanya hivyo, na kuongeza jambo moja ambalo litamnyamazisha mhariri yeyote. Mrekodi mzee sauti yake kwa ridhaa yake, uiweke rekodi mahali penye kutunzwa na penye namba, kisha iandike namba hiyo katika rejeo. Hapo maneno yake yanafuatika kama kitabu.

Ndivyo nilivyofanya. Nilirudi Kisauni na chombo cha kunasia sauti, nikakaa na mzee siku tatu. Rekodi nikaziweka maktabani. Kisha nikaliandika rejeo lake vizuri, nikaenda kumsomea kabla ya kulipeleka, maana mtu akiandikwa ana haki ya kusikia alivyoandikwa. Nikamsomea jina lake, na la babake, na la babuye; nahodha, mzaliwa wa Siu; akieleza hesabu ya miongo; Kisauni, na tarehe.

Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Mimi umenitaja vyema. Na alonifunza yuko wapi?"

Nikamwambia kwamba nimeeleza ndani ya makala kuwa elimu hii ni ya manahodha, waliofunzana wao kwa wao vyomboni.

Akacheka mpaka akashika ubavu. "Nani alokwambia ni manahodha? Mimi nalifunzwa na bibi yangu, mzaa mama, kabla sijapanda hata mtumbwi. Yeye bahari aliijua kwa kuitazama tu. Alikuwa akilima mtama."

Ndugu msomaji, nilikuwa nimekaa na mzee huyu miaka minne. Aliniambia siku ya kwanza nimtaje aliyemfunza, nami nikajibu inshallah kama ajibuvyo mtu asiyekusudia. Sikumuuliza ni nani. Nilimwona mbele yangu nahodha, nikadhani mwalimu wake hawezi kuwa ila nahodha, nikaijenga hoja nzima juu ya dhana hiyo. Na kama mhariri asingenirudisha kwa nukta zake na mikato yake, makala yangu yangetoka, yangenukuliwa na watu, na yule mkulima wa Siu angefutwa katika elimu aliyoifunza mwenyewe. Sanadi niliikata mimi, tena kiungo cha kwanza tu baada ya mdomo niliousikia.

Sisemi kwamba sasa imethibiti kuwa hesabu ya miongo ilianzia mashambani. Ushahidi wa familia moja hautoshi, na huko nyuma nimewaambia vijana wasidai wasichokiona. Lakini hoja yangu ya kwamba wakulima waliipokea kutoka kwa mabaharia imeanguka, kwa kuwa sina mpokezi hata mmoja wa kuisimamisha. Nimeiandika upya sehemu ile, na nimeanza kuwauliza wazee wanawake wa mashamba, jambo ambalo lilinipasa kulifanya mwaka wa kwanza.

Kwa hiyo, kijana, siku mhariri atakaporudisha mswada wako kwa ajili ya marejeo, usiupandishe juu ya kabati. Keti uyapitie moja moja, na kwa kila moja ujiulize: haya nimeyapokea kwa nani, na yeye kwa nani? Jaza nukta kama wanavyotaka. Gombea majina yetu pale yanapogeuzwa, kwa adabu na kwa hoja, na mara nyingi utasikilizwa. Ikiwa umepokea kwa mdomo, rudi barazani uulize tena, wakati mwenye mdomo angali hai.

Nilipomsomea mzee rejeo jipya, lenye jina la bibi yake kamili pamoja na la mji wake, aliniomba jambo moja: bibi atangulie, yeye afuate. Nikamwambia orodha hupangwa kwa mpango wa herufi, si kwa umri wala heshima. Akaniambia nitazame herufi zenyewe. Nikatazama. Ya bibi inatangulia.